Historia ya Marehemu Kiguu na Njia, Fundi wa Sufuria Zinazovuja

Mchungaji wetu, wazee, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, ndiye niliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea, na tangu alipojua kutembea hakupatikana mtu wa kumbeba tena. Familia imeona nisome mimi. Naomba mnivumilie nikisoma polepole, kwa sababu yeye hakuwahi kufanya jambo polepole, na leo nataka angalau hili lisitupite haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi mwaka 1967, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho kwa wazazi wetu, na alizaliwa nyumbani kwa kuwa hakumsubiri mkunga. Mama yetu, ambaye yuko hapa mbele yenu, husema mtoto huyu alitoka tumboni akiulizia viatu. Kabla hajaanza shule majirani walikuwa wamekwisha kumwita Kiguu na Njia, kwa sababu ukimtuma chumvi anakuletea chumvi, na habari za nyumba nne, na skrubu aliyoiokota barabarani, na jina hilo likamkaa mpaka likaandikwa kwenye kibao cha karakana yake, wengi wenu hamkujua lingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981, akiwa amekaa miaka yote hiyo dawati la karibu na mlango, wala si kwa kutaka kutoroka, ila mwalimu wake alichoka kumwona akipita katikati ya wenzake. Mwaka 1983 alijiunga na chuo cha ufundi kusomea uchomeleaji wa vyuma, na akiwa huko, mwaka 1984, baba yetu alifariki dunia. Akina mama wa mtaa huu walipika msibani kwetu kwa vyombo vya kuazima, na baada ya arobaini wakachanga wakamnunulia mama sufuria moja kubwa ya alumini, ili asiwe tena wa kuazima. Mama aliipokea, akasema sufuria hii haitakuwa yake peke yake, na toka siku hiyo hakuna harusi, ubatizo wala msiba mtaani ambao chai yake haikuchemka humo. Naieleza sufuria hiyo mapema kwa kuwa ndiyo iliyomsumbua marehemu kuliko maradhi yaliyomwondoa.

Mwaka 1986 aliajiriwa kwenye kiwanda cha matangi ya maziwa, na huko ndiko alikojifunza tigi, yaani kuchomelea kwa sindano na gesi, kazi inayotaka mikono yote miwili na mguu mmoja kwenye pedali. Wenzake walishangaa mtu asiyeweza kukaa kwenye benchi la kanisa mpaka mwisho wa mahubiri anawezaje kuinama juu ya mshono mwembamba kama uzi bila kutikisika, na yeye alisema alumini ndiyo kitu pekee chenye haraka kumzidi. Alituambia chuma kina adabu, kikipata moto kinakuwa chekundu na kukuonya, lakini alumini haibadiliki rangi, inakutazama tu, halafu ghafla inaanguka na kukuachia tundu kubwa kuliko lile ulilokuja kuziba, hasa ikiwa nyembamba kama birika au sufuria iliyosuguliwa miaka mingi. Alisema pia ina ngozi juu yake ambayo ni ngumu kuyeyuka kuliko nyama yake ya ndani, kwa hiyo asiyeisugua kwanza anapika ngozi huku nyama inamwagika.

Mwaka 1999 aliacha kiwanda, kwa maelezo kwamba tangi jipya halina habari, akafungua karakana yake ubavuni mwa fundi wa redieta za magari, ambaye yuko pale nyuma na atanisamehe nikimtaja. Hawa wawili walitaniana kila siku ya Mungu, na asiyewajua alidhani ni maadui. Ndugu yetu alishona sufuria, mabirika, vikaango, ngazi za kukunja, na miguu ya viti vya wagonjwa, na kila alichokishona cha kuwekea maji alikijaza maji, akakipeleka nyumbani, akakiweka sebuleni juu ya sakafu ya saruji kilale hapo. Asubuhi alipitisha kiganja chini yake, na kama sakafu ilikuwa kavu kilikwenda kwa mwenyewe, na kama ilikuwa na unyevu hata wa jasho la mdudu, kilirudi karakana. Watoto wake walijifunza kutembea katikati ya vyombo vilivyojaa maji, na mgeni aliyekaribishwa kwake aliambiwa kwanza aangalie anapokanyaga, halafu ndipo anasalimiwa.

Ndoa yake ilitokana na birika. Mwaka 1993, akiwa bado kiwandani na akishona vitu vya watu jioni, wifi yangu alimpelekea birika inayovuja mdomoni, akaishona, kisha akawa anakwenda kwao kila wiki kuikagua, mpaka wifi akamwambia mbele ya mama yake kwamba birika imekwisha kupona zamani, na kama kuna kingine kinachovuja alete wazee. Wazee walikwenda wiki iliyofuata. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Septemba 1994, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wako hapa, na wajukuu wawili ambao tayari hawakai mahali pamoja.

Sasa nirudi kwenye sufuria ya mama. Mwaka juzi, kwenye harusi ya jirani, ilifanya ufa chini, karibu na pale kitako kinapokutana na ubavu, ikavuja mpaka ikazima moto wenyewe wa kuchemshia, na wageni wakakaa wakitazamana. Marehemu aliichukua siku ileile, akaishona, akailaza sebuleni, na asubuhi sakafu ilikuwa na alama ya maji ndogo kama sarafu. Aliitazama ndani ya mshono akaona vishimo, kana kwamba mtu amechoma kwa ncha ya pini. Akaishona tena. Mara hii sakafu ilikuwa kavu, akamrudishia mama, na baada ya shughuli mbili tatu ikaanza kulia upya.

Hapo ndipo ndugu yetu alipokosa raha. Alidhani ni upepo unaopeperusha gesi, akaenda kumtaka fundi wa redieta azime feni yake, na mzee akamjibu kwamba feni hiyo ilikuwepo kabla ya Kiguu na Njia kuota ndevu, wakanuniana wiki nzima, na ilipozimwa vishimo vilikuwa palepale. Alidhani ni mpira wa gesi umeingia unyevu, akaubadilisha. Alinoa sindano upya, akatupa waya wa kujazia na kununua mwingine, akaweka kipande cha shaba chini ya mshono ili kibebe joto, na bado kila mama aliporudisha sufuria vishimo vilirudi nayo. Chakula alikula amesimama. Tukimzungumzisha habari za shamba, anajibu habari za vishimo. Fundi wa redieta alipita mlangoni akamwambia mganga hajigangi, na mtaani watu wakatania kwamba anaziba za dunia nzima na ya mama inavuja, utani ambao zamani angeucheka kuliko wao. Mama alipotuma neno kwa upole kwamba labda sufuria imezeeka, wanunue nyingine, wifi alituambia kwamba siku hiyo alizunguka nyumba kama anatafuta mlango.

Mwezi wa nne mwaka huu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na vipimo vikaonyesha moyo umechoka. Daktari alimpa dawa, akameza, na akampa mapumziko, hayo akashindwa kuyameza. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na kila aliporudi nyumbani tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu ukikanyaga sakafu kidogokidogo kama yuko kwenye pedali. Tuliomba pamoja naye, naye aliomba kwa moyo, lakini hata baada ya amina aliuliza sufuria ya mama iko wapi.

Jumatano ya wiki iliyopita mama alikuja kumtazama, akakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza ndugu yetu akamuuliza kile ambacho kwa heshima hakuwahi kumuuliza, kwamba kabla ya kumletea sufuria huwa anaifanya nini. Mama akamjibu bila wasiwasi.

"Mwanangu, mimi nitakuletea chombo kichafu? Naiosha, naipaka mafuta ya kupikia, na pale penye ufa nasugua zaidi, isije ikakutia aibu mbele ya wateja."

Marehemu akaanza kucheka, akacheka mpaka tukamshika mgongo.

"Mama," akasema, "kumbe siku zote nachomelea mafuta."

Akatueleza kwamba sufuria za watu zikija na masizi na ukoko yeye huzikwangua kwa tupa bila huruma mpaka alumini ing'ae, lakini ya mama ilikuja inameremeta, na aliona kuikwangua ni kama kumwambia mama yake mzazi kwamba ni mchafu, kwa hiyo aliipangusa tu kwa spiriti na kitambaa. Mafuta yalikuwa yamezama ndani ya ufa, hayaonekani wala hayafutiki, na kila moto ulipofika yalifuka na kuacha vishimo. Mama aliomba radhi, naye akamwomba radhi mama, na sisi tuliokuwepo hatukujua tucheke au tulie, kwa maana heshima ya huyu na heshima ya yule zilikuwa zimekaa ndani ya ufa mmoja zikivuja pamoja.

Siku ya Ijumaa alituomba tumpeleke karakana. Tulikataa, kisha tukaona kumkatalia kunamchosha kuliko kumpeleka. Fundi wa redieta alizima feni yake kabla hajaombwa, akaja kushika sufuria. Ndugu yetu aliketi kwenye kigoda, mguu uliovimba ukiwa hauna kiatu juu ya pedali, akaipasha sufuria moto ikiwa tupu mpaka ufa ukatoka jasho jeusi, akapangusa, akapasha, akapangusa, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Halafu akauchimba ufa kwa tupa, akausugua kwa brashi yake ya waya ambayo haikuwahi kugusa kitu kingine ila alumini, akashusha kioo cha kukinga macho, akashona. Mshono ulikuwa mfupi kuliko kidole cha mtoto. Tuliirudisha nyumbani pamoja naye, akasimamia ikijazwa maji mpaka ukingoni, ikawekwa sebuleni mahali pake.

Jioni hiyo pumzi ilimzidia, tukamkimbiza hospitali, sote, mama pia, nyumba ikabaki imefungwa. Jumamosi asubuhi alipata nafuu kidogo, na neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, "Sakafu ikoje?" Wifi yangu angeweza kumwambia ni kavu, wala hakuna ambaye angemlaumu, lakini ameishi miaka thelathini na mtu asiyekubali sakafu mpaka iguswe, akamwambia kweli.

"Sijui, mume wangu. Nyumbani hakuna mtu."

Alifunga macho, tukadhani atainuka, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa siku zote.

"Basi," akasema, "mtaigusa ninyi."

Hakusema tena. Marehemu alifariki dunia siku hiyo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba, kabla ya adhuhuri, mikononi mwa mkewe na mama yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mtu mgumu kuhudumiwa, na hasa muuguzi aliyekuwa akimpa mikasi na vitanda vya magurudumu avikaguekague ili apate kukaa kitandani. Nawashukuru majirani mliokesha na mama, mafundi wenzake mliofunga karakana zenu leo, na fundi wa redieta, ambaye tangu Jumamosi hajawasha feni ingawa hakuna gesi tena ya kupeperushwa. Mungu awalipe pale sisi tusipofika. Tunamshukuru Yeye kwa kutupa ndugu huyu, na kwa kumchukua tunanyenyekea, japo mioyo yetu bado inazunguka nyumba ikitafuta mlango.

Limebaki jambo moja, na hili namwambia marehemu mwenyewe, kwa kuwa alituachia. Ndugu yangu, tuliporudi kutoka hospitali mama aliingia wa kwanza, na kabla hajavua kitenge chake alipiga magoti sebuleni, akapitisha kiganja chini ya sufuria, upande huu na upande huu, akatuonyesha mkono wake. Ulikuwa na vumbi tu. Chai ya watu hawa wote waliokuja kukusindikiza imechemka humo tangu juzi, na moto haujazimika.

Sakafu ni kavu, Kiguu na Njia. Tumeigusa. Usiinuke tena kutazama, kazi imekwenda kwa mwenyewe, nawe umekwenda kwa Mwenyewe wako. Pumzika kwa amani.