Wakili Arefin Khondokar, Aliyesimama Chama Kizima Kilipokaa

Alhamisi hii, siku ya mwisho kabla mahakama haijafungwa kwa likizo ya Desemba, Wakili Arefin Khondokar anavua koti lake jeusi baada ya miaka arobaini na minne ya kutetea watu katika mahakama ya wilaya ya Nolkhali. Sheria haimlazimishi wakili kustaafu. Aliyemstaafisha ni mkewe, Bi Hosne Ara, akisaidiwa na magoti yaliyokataa ngazi za ghorofa ya pili. Alijaribu kukata rufaa, lakini nyumbani kwake hakuna mahakama ya juu kuliko hiyo.

Kamati ya chama chetu cha mawakili imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu. Nadhani ni kwa sababu nimekuwa mwendesha mashtaka hapa muda mrefu, na katika mji huu hakuna aliyeshindwa na Arefin mara nyingi kama mimi. Mnaotarajia sifa tupu mtanisamehe.

Alifika mjini akiwa kijana kutoka kijiji cha wafumaji, na sanduku la bati na koti la kuazima lililomfika magotini. Kesi yake ya kwanza ilikuwa ya bata waliogombewa na majirani wawili. Aliiomba mahakama bata wafunguliwe wakaoneshe wenyewe kwao ni wapi. Wakafunguliwa. Wakaenda moja kwa moja hadi kwenye bwawa la hakimu na kukataa kutoka. Kesi alishindwa, lakini kufikia jioni mji mzima ulikuwa unajua jina lake.

Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hakuna hoja aliyoitoa mahakamani kabla ya kumsimulia mkewe uani, wakati Bi Hosne Ara akiparua samaki. Mkewe akimuuliza, "Kwa hiyo?" hoja hiyo aliitupa pamoja na magamba. Binti zake wanne aliwasuka nywele mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule, na si mara moja alipotafuta kalamu mfukoni mbele ya jaji akatoa kibanio cha nywele. Jioni aliwahoji mezani kama mashahidi. Lubna, yule wa tatu, anasema hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufanikiwa kumdanganya, na hawakuacha kujaribu.

Lakini kumuaga Arefin bila kuitaja kesi ya Moksed ni kupika pilau bila nyama. Mliojiunga na chama juzi mmeisikia kwa vipande, kwa hiyo nitaisimulia yote.

Shihab, mtoto pekee wa Wakili Mridha aliyekuwa mwenyekiti wa chama chetu, aligongwa darajani na lori la matofali akiwa kwenye pikipiki, akafa. Dereva, Moksed Ali, alikamatwa siku hiyohiyo. Mji mzima ulisema alimgonga makusudi, akamwacha barabarani na kukimbia. Akashtakiwa kwa mauaji, kosa la kitanzi. Kwa uchungu wa mwenzetu, chama kilikutana na kuazimia, kama vyama vyetu vinavyofanya, kwamba hakuna mwanachama atakayemtetea. Atakayethubutu, kiti chake kitatolewa kwenye ukumbi wa chama, tunakopokelea wateja.

Mama yake Moksed, Bi Sokhina, alivuka mto kutoka kwao visiwani, akapita meza hadi meza. Kila alipofika, wakili aligundua ghafla kwamba ana faili la kusoma. Akafika kwa Arefin, na mama huyo hata kukaa hakutaka.

"Keti, mama. Umekunywa chai?"

"Sikuja kunywa chai, baba. Wenzako wote wamenikataa."

"Najua. Ndiyo maana nikakuuliza. Wewe na mimi tuna maongezi marefu."

Jioni kiti cha Arefin kilikuwa nje, verandani. Kesho yake alikuja akakipangusa vumbi, akaketi, akaanza kuwapokea wateja palepale. Mvua ikipiga alikisogeza ukutani.

Balaa ni kwamba Lubna alikuwa anaolewa mwezi uleule. Hapa kwetu mtoto wa mwanachama akioa au kuolewa, mawakili huenda wote, na wazee wa chama ndio huwapakulia wageni kwa mikono yao. Upande wa mume humpima baba wa bibi harusi kwa hilo. Wazee wetu walilijua vizuri, wakamfuata verandani.

"Kaka Arefin, achana na hii kesi. Usipoiacha, harusini kwako hatokei mtu. Wakwe wakikuta viti vitupu, watageuza msafara."

"Harusi ni ya Lubna," alijibu. "Nitamuuliza mwenyewe."

Akawauliza mke na binti, uani, penye samaki. Bi Hosne Ara hata macho hakuinua.

"Yule mama umeshamwahidi?"

"Nimemwahidi."

"Sasa mimi unaniuliza nini? Hebu sogea, unanizibia mwanga."

Lubna naye akasema anaolewa na Rezaul, haolewi na chama cha mawakili. Lakini aliniambia baadaye kwamba usingizi ulimpaa mpaka siku ya harusi, kwa kuwa baba mkwe wake, Mzee Sikder, ni mtu wa kutazama heshima.

Mimi harusini nilikwenda. Azimio lilikataza kumtetea Moksed, na mimi ndiye niliyekuwa namshtaki, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kunikataza. Nilikuta viti vya mawakili vitupu, safu nzima. Mzee Sikder alivitazama, kisha akanitazama mimi niliyesimama na sinia la biriani mkononi.

"Wewe ni mwenzake?"

"Tunapigana mahakamani, mjomba. Mimi nataka mteja wake anyongwe."

"Na hao wengine wako wapi?"

"Wamenuna. Walimtaka amwache huyo mteja, akakataa."

Mzee akakunja mikono ya kanzu yake.

"Asiyemwacha dereva wa lori hatamwacha mkwe. Haya, pakua, binti yangu. Watu wana njaa."

Nilipakua mpaka bega likaniuma.

Kesi ilipoanza, Wakili Mridha alikaa mbele kila siku. Nilikuwa na shahidi mmoja wa maana, muuza chai wa darajani. Nilimuuliza niliyoyahitaji: lori lilikuja kwa kasi, kijana akagongwa. Nikaketi. Arefin, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa mteja mwaminifu wa chai ya pale darajani, akasimama kumuuliza mambo ambayo polisi hawakumuuliza, wala mimi.

"Lori liliposimama, dereva alikimbia?"

"Alikimbia, ndiyo. Kambeba yule kijana mikononi."

"Akielekea wapi?"

"Hospitali. Nami nilikuwa nyuma yake. Watu walimkamata pale getini."

"Kijana alikuwa anasema chochote?"

"Alikuwa anamwita baba yake. Dereva akawa anamjibu, 'Nipo, mwanangu. Nipo.'"

Arefin hakuuliza swali jingine. Nyuma yangu nilimsikia Wakili Mridha akilia, na mimi mwenyewe sikuweza kuinuka kumhoji shahidi wangu tena.

Shtaka la mauaji lilianguka. Moksed alifungwa kwa uzembe barabarani, akatumikia kifungo chake, akarudi kwa mama yake. Nilishindwa, na nakiri nilifurahi. Baada ya muda chama kilirudisha kiti cha Arefin ukumbini. Akakitoa tena mwenyewe, akidai amezoea hewa ya nje.

Wakili Mridha hakumsalimia kwa miaka mingi. Walipishana kwenye korido kama watu wasiojuana, na Arefin hakuwahi kumlaumu. Kisha mji ukapatwa na mauaji mengine ya kutisha, hasira zikapanda, na chama kikaitwa kupitisha azimio jingine kama lile. Karibu mikono yote ilikuwa imeshaanza kuinuka. Mzee Mridha akaomba nafasi.

"Mnasema mshtakiwa asipate wakili kwa heshima ya wafiwa," alisema. "Mimi ni mfiwa. Arefin nilimchukia, na sijui kama nimeacha. Lakini angewasikiliza ninyi, hadi leo ningeamini mwanangu alikufa peke yake, anaita, haitikiwi."

Mikono ikashuka. Tangu siku hiyo hakuna mshtakiwa aliyeingia mahakama ya Nolkhali akakosa wa kusimama naye.

Wakili Arefin, tunakushukuru, tuliokuwa upande wako na tuliokupinga. Mungu akujalie afya, na uishi kwa amani na wote wa nyumbani kwako.

Monowara Sarkar
Mwendesha Mashtaka, Nolkhali