Kuku wa Mwenye Damu

Nyuma ya soko la Jericho kulikuwa na benchi la miguu mitatu na tofali moja. Aliyekaa upande wa tofali akiinuka bila kuaga, wenzake huanguka. Hapo ndipo alipokaa Makau, karani wa Industrial Area, Jumamosi ile, na kuku mwekundu kwapani. Gari la damu, lile jeupe lenye vitanda ndani, lilikuwa limeegeshwa tena karibu na kanisa. Mwezi uliopita mkewe, Ndindi, alijifungua akabaki mweupe kama karatasi. Akaongezwa damu iliyotolewa garini humo, akapona.

— Kwetu mtu akikuokolea mke, humwendei mikono mitupu, Makau alisema. Lakini nesi anasema hata yeye hamjui aliyeitoa damu hiyo.

— Ni Mjaluo, alikata Okoth wa reli, waliyemwita Redio kwa vile hazimiki. Shemeji siku hizi anakula nini?

— Omena, dagaa wa kwenu ziwani. Na zamani, kama sisi Wakamba wote, akiziona alikuwa anaziba pua.

— Umesikia! Samaki mkunje angali mbichi.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Kwani omena si samaki?

Andati, tarishi wa korti ya Makadara, ambaye kwa wenzake ndiye Hakimu, akaguna.

— Pingamizi! Ndindi anamwamsha huyu bwana alfajiri kwa mluzi. Hiyo ni damu ya askari jela. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Waongo nyote, akadakia Mama Kanyiva wa kahawa. Mimi nimemsikia akiimba, besi tupu! Hiyo ni ya padri, na msiniulize nimejuaje.

Makau alicheka nao, lakini macho yalikuwa njiani. Tangu Ndindi arudi nyumbani alikuwa akimwamkia kila apitaye, hata jirani aliyewahi kumtukana. Nani ajuaye? Huenda ni yeye mwenye damu.

Dereva wa lile gari, Javan, akaja kuchukua kahawa. Akasikiliza, akapuliza kikombe.

— Na nyinyi wazee, mlitoa lini?

Redio akazimika. Hakimu akachungulia kikombe chake kama kisima. Mama Kanyiva akatikisa birika. Halikuwa na kitu.

— Mama, nishikie kuku, alisema Makau. Akakunja mkono wa shati, akainuka bila kuaga.

Benchi likapinduka. Redio na Hakimu wakajikuta vumbini.

— Haya, maadamu tumeshaamshwa, twende, alisema Redio akijipangusa matako. Lakini yangu apewe Mkamba. Hao bado hawajamaliza kujifunza samaki.