Fundi Kesho na Tela Namba Kumi na Nne

Marehemu aliacha maagizo mawili kuhusu maneno haya: yasizidi dakika kumi, na asivikwe kilemba cha ukoka. Baadaye, hali ilipokuwa imeshakuwa mbaya, aliongeza la tatu: "Someni yote, mpaka nati." Anayesoma ni binti yake, na atasoma mpaka nati.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1952, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mstari wa tatu, vyumba viwili vilivyokuwa karibu na njia ya treni kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini. Baba yake alikuwa mgonga magurudumu. Kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, kugonga kila gurudumu na kutega sikio, maana gurudumu zima hulia na lenye ufa hukohoa. Mtoto naye akaanza kugonga sufuria za majirani. Akiwa na miaka sita alimwambia mama wa nyumba ya pili kwamba sufuria yake ina ufa. Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. Wiki hiyohiyo sufuria ikavuja, na tangu hapo alimfukuza kila alipomwona na kijiti. "Mtoto ana mdomo mbaya huyu," alisema.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, kisha chuo cha ufundi mwaka 1969 na 1970. Hesabu alizipenda, mwandiko ulimshinda. Katika mtihani wa mwisho wa magurudumu alimaliza wa kwanza, akafuta mikono na kukaa akipiga mluzi huku wenzake wakiwa bado wanalegeza nati za kwanza. Ninyi mliomjua uzeeni hamtaamini, lakini wakati huo marehemu alikuwa mtu wa haraka, tena mwenye majivuno.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika karakana ya idara ya barabara, upande wa matela. Wapimaji wa barabara walikaa porini miezi mitatu mitatu ndani ya matela yenye vitanda, meza ya kukunja na jiko dogo, yakikokotwa na malori. Yeye alishika magurudumu na breki. Alivua gurudumu, akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazishindilia grisi kwa kiganja mpaka ikatokeza upande wa pili, akarudisha kila moja mahali pake. Kisha nati. Nati hukazwa kwa spana huku gurudumu likizungushwa, halafu hulegezwa, halafu hukazwa tena kwa vidole tu, ndipo pini mpya inapitishwa kuizuia. Fundi asiyelegeza hudhani kazi yake ni safi kwa sababu gurudumu halichezi. Litakwenda vizuri kilomita hamsini au sitini, halafu beringi zitaanza kuungua.

Jumatatu tarehe 9 Agosti 1976 lori moja lilikuwa likiteremka kona na tela nyuma. Gurudumu la kushoto la tela likachomoka, tela likayumba na kulivuta lori mtaroni. Dereva alivunjika paja mahali patatu, na mguu wake wa kulia ni mfupi kwa vidole viwili hadi leo. Taarifa ya idara ilikuwa ukurasa mmoja: barabara mbovu, shimo. Marehemu alitumwa kwenda kulivuta tela. Kwenye nyasi aliokota kipande cha ekseli kilichokatika, nati ikiwa bado imebana, imegeuka rangi ya bluu kwa moto. Akaikumbuka asubuhi alipolifunga gurudumu lile. Alikuwa amekaza kwa spana, akaitwa dirisha la ofisi kusaini karatasi, akarudi, akapachika pini. Hakulegeza. Alitia kipande kile mfukoni na hakumwambia mtu.

Siku ya pili alikwenda hospitali kukiri. Kando ya kitanda alimkuta dada yake dereva, ameshika chupa ya chai.

"Wewe ndiye fundi?" dada aliuliza. "Ahsante kwa kuja. Wenzako wote wameishia getini."

Neno likamkwama. Alirudi kila saa ya kuona wagonjwa kwa wiki kumi na moja, machungwa mkononi na neno lilelile kooni. Mwishowe dereva akachoka.

"Fundi, machungwa yametosha. Sema unachokitaka."

Wodi nzima ilicheka, maana kila mtu alijua anachokitaka. Dada aliangalia chini. Na kwa kweli alimtaka pia, hilo halikuwa uongo hata chembe, ila halikuwa ndilo alilokuja kusema. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1977. Dereva alisimama upande wa bibi harusi akiegemea mkongojo, na tangu siku hiyo wakaitana shemeji. Bibi harusi, ndiye mama yetu, alizaliwa kando ya ziwa, kilomita mia nne na kumi na mbili kutoka mjini, na aliondolewa huko akiwa na miaka saba. Mbele ya wageni wote bwana harusi aliahidi kumrudisha akaone maji. Walijaliwa watoto wawili, binti mwaka 1979 na mvulana mwaka 1983.

Mwaka 1996 karakana ilimpa tela namba kumi na nne, kuukuu lakini zima, kama shukrani kwa miaka ishirini na tano ya kazi. Liliegeshwa uani kando ya kamba ya nguo. Mama alilishonea mapazia ya kijani na kupanga ndani yake vikombe vinne ambavyo haikuruhusiwa kuvitumia nyumbani.

Jumapili tarehe 6 Julai 1997 tulifunga safari ya ziwani, shemeji akiendesha pikapu yake. Kwenye kituo cha mafuta, kilomita tatu kutoka nyumbani, marehemu aliomba gari lisimame. Alishuka, akaweka mgongo wa mkono kwenye kitovu cha gurudumu. Kitovu kizima huwa vuguvugu, kibovu hakishikiki.

"La kushoto lina joto," alisema.

Shemeji naye alishuka akagusa. "Vuguvugu hili, shemeji. Ni jua tu."

"Turudi. Tutaondoka kesho."

Kesho yake alifungua kila kitu na hakukuta kasoro yoyote. Tulikula mayai ya safari uani, tumekaa kwenye ngazi ya tela, na majirani wakapata jina la kumwita: Fundi Kesho. Kwa mujibu wa daftari lake, tuliondoka namna hiyo mara kumi na tisa katika miaka ishirini na moja. Na tela lisilotembea huharibika kwa kukaa. Viatu vya breki hugandana na ngoma za magurudumu kwa kutu, grisi hukauka, beringi huota madoa. Kwa hiyo kila mwaka alikuwa na sababu ya kweli ya kutokuondoka, na kila mwaka sababu ilitokana na kutokuondoka. Alinaswa humo, na sisi tukanaswa naye. Mama angeweza kupanda basi. Alipolitaja, marehemu alimwambia, "Nitakupeleka mwenyewe," na kwa namna alivyolisema, kupanda basi kungekuwa kumtukana. Lazima isemwe hapa, kwa kuwa alikataa kilemba cha ukoka: tulikuwa na siku ambazo tulilichukia tela lile.

Tarehe 13 Desemba 2003 tulivunja rekodi. Tulifika darajani, kilomita kumi na moja, tukarudi. Pikapu ilipoingia uani mama alikataa kushuka. Tulipogeuza darajani alikuwa amehamia ndani ya tela, akafunga mlango na mapazia, akakaa humo tangu saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.

"Mama watoto, toka basi," marehemu aliita, jeki mkononi. "Nataka kuinua gurudumu."

"Inua. Mimi nipo safarini."

"Utaanguka humo."

"Nikifika nitawajulisha."

Akainua. Tukasikia vikombe vinne vikiteleza upande mmoja wa kabati. Marehemu alifanya kazi yake yote na mkewe akiwa juu ya kichwa chake, ubao mmoja tu kati yao. Alimwambia binti yake baadaye kwamba siku ile neno lilifika mpaka kwenye meno. Angelisema, angewapoteza mke na shemeji kwa mpigo mmoja. Asiposema, hangeweza kumwamini fundi aliyefunga lile gurudumu. Alinyamaza, akapachika pini.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2007. Tarehe 3 Oktoba 2018, akiwa amepiga goti kando ya tela, spana ilimponyoka. Kilikuwa kiharusi, na upande wote wa kulia ukafa. Maneno yalirudi kidogo kidogo mwezi Desemba, mkono haukurudi. Aliomba kitanda kihamishiwe dirishani, na kwa miezi mitano alilala hapo akilitazama tela, hawezi hata kujigeuza bila kushikwa. Alisema kila siku kwamba breki zinagandana.

Jumapili tarehe 10 Machi 2019 mama alichoka kusikia habari za breki. Alimtoa nje kwenye kiti, akafunga kanga kiunoni, akainua tela mwenyewe. Alivua, akaosha, akashindilia grisi, huku marehemu akimwelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Wakafika kwenye nati.

"Nikaze mpaka wapi?"

"Zungusha gurudumu. Kaza mpaka ligome. Sasa legeza. Legeza, mama. Legeza!"

"Nimelegeza! Unalia nini?"

"Niitie kaka yako."

Shemeji alikuja na fimbo yake. Marehemu alimwomba mkewe afungue droo ya zana na kumpa kile kipande chenye nati ya bluu. Akasema yote: dirisha, karatasi, pini. Ilimchukua muda mrefu, kwa sababu mdomo ulikuwa mzito. Shemeji alikigeuzageuza kipande mkononi.

"Hili la nati sikulijua," alisema mwishowe. "Lakini lile gurudumu lilianza kupiga kelele kilomita thelathini kabla ya kona. Nilinusa grisi ikiungua. Nikajiambia nitasimama mbele kidogo. Nilitaka kuwahi chakula cha mchana, shemeji. Nikasimulia shimo, na wewe ukanyamaza, nikadhani unanifichia aibu."

Walitazamana kama watu waliokuwa wakisukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Miaka arobaini na miwili. Mama alifuta grisi mikononi kwa kanga.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Ninyi mlikuwa na siri zenu. Mimi nilikuwa na mapazia tu."

Hakusema nao siku tatu. Siku ya nne alileta kalenda, akazungushia duara Jumamosi tarehe 1 Juni 2019. Marehemu hakusema kesho. Alisema, "Sawa."

Jumatano tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, kiharusi cha pili kilimkuta dirishani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, na zilikuwa zimebaki siku kumi.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye karatasi mlizoshika; yameandikwa kwa kalamu leo, tarehe 25 Mei, hapa hapa shambani tunapomzika. Marehemu ameletwa na tela namba kumi na nne, jeneza likiwa mahali pa meza ya kukunja. Shemeji ameendesha. Tumepita kituo cha mafuta bila kusimama. Tumepita daraja. Baada ya daraja hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona njia hii kutoka nyuma ya mapazia yale, na tela limetembea kilomita arobaini na moja kana kwamba hiyo ndiyo kazi lililoizoea. Tulipofika mama alishuka kabla ya wote. Aliweka mgongo wa mkono kwenye kitovu cha kushoto, akauacha hapo muda mrefu.

"Vuguvugu," alisema. "Kama siku ile."

Kisha akakaa kwenye ngazi ya tela, akafunika uso kwa kanga.

"Tungefika," alisema. "Baba watoto, tungefika."

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji yake, dereva. Jumamosi ijayo mjane na kaka yake wataondoka kwenda ziwani kama ilivyopangwa, na hawatarudia njiani. Apumzike kwa amani fundi wetu. Magurudumu yake tumeyagusa, na ni mazima.