Kasonde Liévin, Aliyezidisha kwa Sitini

Ndugu na jamaa, majirani wa Naviundu, nanyi wavuvi mliosafiri kutoka Kilwa, familia imetutuma tuwasomee maisha ya baba yetu Kasonde Liévin, na tutayasoma jinsi yalivyokuwa, maana yeye mwenyewe hakuvumilia historia ya marehemu iliyopakwa mafuta.

Alizaliwa Mitwaba tarehe 3 Mei 1964, baba yake akiwa mtu wa reli aliyerudi kulima, akabatizwa mwaka uleule, akasoma shule ya msingi palepale tangu 1970 mpaka 1976, akaongeza miaka miwili ya sekondari, halafu baba akafa na karo ikakatika, yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na kwa ubishi mwingi. Mwaka 1982 alishuka Lubumbashi, akajifunza kutengeneza redio, kisha injini za mitumbwi, na tangu 1995 kila kiangazi alikuwa Kilwa, kwenye ziwa Moero, akihudumia wavuvi. Tarehe 12 Agosti 1989 alifunga ndoa na mama Laurentine Mwila, Mungu akawapa Huguette, Aaron na Deborah. Hasira yake ilikuwa karibu, hilo hatulifichi, lakini bei aliyokwambia asubuhi ndiyo uliyolipa jioni.

Tarehe 17 Juni 2017, upepo ukiwa mkali, Antoine, mdogo wake mama Laurentine, alimpigia simu kutoka ziwani, alikokuwa na mwenzake Mwape, akasema, “Shemeki, injini imekufa, maji inaingia, andika: 9,12 kusini, 28,46 mashariki, mukuye mbio!” Baba Liévin aliandika, akaingiza namba kwenye GPS ya bandarini, ambayo ilikuwa ya digrii na dakika, kwa hiyo ile 12 na ile 46 akaziweka kama dakika, na mtumbwi wa kuokoa ukaelekea karibu na ufuko wa Zambia, zaidi ya kilometa thelathini kutoka pale watu walipokuwa wanazama. Antoine aliokotwa siku ya pili, ameshikilia dumu tupu, Mwape alikuwa amekwisha kufa.

Kwenye kilio cha Mwape watu walinong’ona kwamba Antoine alitoa namba ya uongo, na wengine walilaumu upepo, ndipo Baba Liévin akasimama mbele ya wote, akasema, “Antoine hakubongopa. Namba iko ya kweli, ni mimi niliisoma mubaya, musitafute mwingine.” Syntiche, mjane wa Mwape, akamjibu, “Basi jifunze, ba Kasonde, juu batoto betu bataendelea kuenda ku maji.”

Alijifunza. Alichukua daftari la Aaron la hesabu, akanunua GPS mbili kuukuu, moja akaiweka kwenye digrii zenye virgule, yaani alama ya desimali, nyingine kwenye digrii, dakika na sekunde, akawa anatembea kwa miguu kutoka Naviundu mpaka katikati ya mji, kila rond-point, penye mzunguko wa barabara, anasimama analinganisha, watu wakidhani amerukwa na akili, mpaka akashika kwamba kinachofuata virgule ya digrii si dakika, ni kipande cha digrii, lazima kizidishwe kwa sitini: 0,12 inazaa dakika 7,2, na 0,46 inazaa dakika 27,6, na ukitaka sekunde, kile kipande cha dakika nacho unakizidisha kwa sitini, zinatoka 12 na 36. Alirudi Kilwa, akawafundisha wavuvi mmoja mmoja, na aliyemletea namba bila kusema ni ya aina gani alimfukuza: “Hii ni namba ya nini, ya simu ya bibi yako?”

Figo zilianza kumsumbua Februari 2024. Tarehe 9 Septemba 2025, akiwa kitandani hospitalini, bandari ilimpigia, wavuvi watatu wamepotea ziwani, wametuma namba za mahali walipo, akauliza, “Iko ya virgule ama ya dakika?” Hakuna aliyejua. Walitaka kuondoka hivyohivyo, akawafokea, “Mukienda bila kujua munaenda kuzika! Muulize kwanza!” Waliwauliza wale watatu kwa simu, jibu likawa virgule, akafanya hesabu juu ya boksi la dawa, Deborah akazisoma kwenye simu, muuguzi akamgombeza kwa kelele, na kabla ya saa mbili kupita wale watatu walikuwa ufukoni, wakitetemeka lakini wazima.

Alifariki tarehe 21 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka 61.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemgombeza, majirani waliopika na kulala nasi kwenye kilio, mafundi wenzake, na wavuvi wote wa Kilwa. Mama Syntiche, umefika, tumekuona, asante.

Lala kwa amani ya Bwana, Baba Liévin, huku nyuma tutauliza kwanza, ndipo tuwashe injini.