Oddleiv Skårdal, Aliyetaka Kuondoka kwa Mikwaruzo

Mjomba Oddleiv alizaliwa Hardanger tarehe 3 Machi 1941, na inasemekana alianza kwa kubishana na mkunga. Alisoma shule ya kijijini miaka saba, akaingia kiwanda cha zinki, akastaafu mwaka 2003, kelele za mashine zikiwa zimemwachia nusu ya masikio yake. Nusu hiyo ilimtosha kutuhukumu sote.

Tarehe 12 Juni 1965 alimwoa Torgunn. Kila Jumapili waliimba pamoja na ibada ya redioni, mkate na jibini la kahawia mezani, redio ya mbao ikivuma.

Mwaka 2016, kabla matangazo ya redio ya FM hayajazimwa nchini mwetu yakabaki ya dijitali tu, aliita majirani ukumbini. Akaweka redio mbili, yake na ya dijitali, zimewageuzia mgongo wasizitambue, zikipiga wimbo uleule, wachague yenye sauti bora. Wote wakachagua dijitali. Torgunn naye.

"Hata wewe, mama?"

"Ni safi, mzee. Hiyo yako kama mtu anakaanga samaki."

"Safi! Hata hospitali ni safi. Yangu ikitaka kukuacha inakwaruza kwanza, unasogeza kiti usikie. Hiyo yenu inakata tu, katikati ya neno! Mimi siku yangu ikifika nitakwaruza. Mtapata muda."

"Umekwaruza tangu tuoane. Kunywa kahawa."

Ukumbi mzima ulicheka.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Daktari alimpa vidonge. Yeye alituahidi mikwaruzo, na Torgunn akamwamini. Kila mzee akikohoa, alisogeza kiti. Kila mara ilikuwa chembe ya mkate.

Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, hakukohoa. Alishika kikombe, akasema, "Torgunn, hebu..." Basi. Kidijitali kabisa.

"Hebu nini?" Torgunn anatuuliza mpaka leo. Tumemwambia: hebu ongeza kahawa, hebu funga dirisha. Anakataa yote. "Sikusogeza hata kiti," anasema.

Ameacha mjane wake Torgunn, binti yake Solfrid, wajukuu wawili, na redio ya mbao isiyo na kituo. Tangu siku ile imewashwa, inavuma tu. Leo asubuhi, tukitoka kuja kanisani, nilitaka kuizima. Mjane akanishika mkono.

"Iache. Labda hajamaliza."

Lala, mjomba. Viti tumesogeza. Tumechelewa.