Mzee Kilonzo na Rangi ya Meli Iliyopikwa Kaloleni

Ndugu mliokuja kutoka Nairobi kwa basi la kukodi, na ninyi majirani wa hapa Mbooni mliochimba tangu alfajiri, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu, Mzee Yosia Kilonzo Maingi, kama yalivyosimuliwa na dada yake mkubwa, Kalekye. Palipotiwa chumvi, mwenyewe angeongeza.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mbooni, wilaya ya Machakos, tarehe 12 Machi 1924, mtoto wa tatu wa Mzee Maingi na Mama Ndunge. Tarehe hiyo ni ya kanisa. Mama yao alijua tu kwamba mvua ilimkuta njiani na mzigo wa kuni, mtoto akaja pale pale, na alilia kwa hasira hata kuni zikafika nyumbani zimekauka.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1934, akatoka 1937 akiwa darasa la tatu. Si karo iliyomtoa. Nyuma ya nyumba ya mwalimu kulikuwa na kidimbwi, na samaki wake walikuwa wa mwalimu peke yake. Kilonzo alikata matawi ya mnyaa, mti ule wa ua tunaouita ndau, akayatwanga, akamimina utomvu wake mweupe majini. Samaki wote walielea matumbo juu. Kalekye alikuwepo, na anasema wawili walitoka wakatembea hadi mlangoni mwa kanisa kuomba maji mengine.

"Nani alikufundisha uchawi huu?" mwalimu aliuliza.

"Si uchawi, mwalimu. Samaki hawapendi ndau."

"Na wewe unapenda fimbo?"

Hakupenda. Alirudi nyumbani kuchunga mbuzi, lakini jambo lile alilishika: kuna viumbe vya majini visivyoweza kuvumilia mti wa ua wetu.

Mwaka 1943 alichukuliwa jeshini, akafika Burma. Alirudi mwaka 1946 na kipande cha chuma begani. Rafiki yake aliyesimama kando yake hakurudi. Lilikuwa kombora moja, wakagawana. Tangu hapo marehemu hakukiona kitu kigumu asikigonge kwa kidole na kujiuliza kingezuia nini. Aligonga milango, aligonga masufuria ya watu. Siku moja aligonga kichwa cha shemeji yake, akasema hicho kingefaa.

Kuanzia mwaka 1947 alifanya kazi bandarini Kilindini, kukwangua meli na kuzipaka rangi. Meli ikikaa majini, tumbo lake hushikwa na vijidudu vyenye magamba makali. Huota juu ya chuma kama ukurutu, na meli ikawa nzito na mvivu. Marehemu alining'inizwa kwenye ubao, akakwangua magamba hayo siku nzima. Alisema ipo meli moja aliyoikwangua kutoka mbele hadi nyuma, na alipofika nyuma, mbele palikuwa pameshaota tena.

Tarehe 16 Desemba 1950 alimwoa Nzembi, binti Kilatya, katika kanisa lile mnaloliona pale juu. Alifika na rangi nyekundu ya meli masikioni. Mchungaji alisita. Nzembi akamwambia, "Endelea tu, mchungaji, itatoka." Haikutoka. Walijaliwa watoto watatu: Maingi, Ndunge na Kilatya. Mwaka 1959 marehemu alihamishiwa karakana ya reli Nairobi kupaka mabehewa rangi. Akapewa nyumba Kaloleni, na humo ndimo alimokaa hata baada ya kustaafu mwaka 1977.

Kustaafu huko ndiko kulikoleta mambo. Mwana wao Maingi alikuwa ameingia jeshini, na mwaka ule alipata habari kwamba kikosi chake kinapelekwa mpakani kaskazini. Mzee alikwenda soko la Kariokor kwa washona akala, vile viatu vya matairi, akarudi na gunia la vitambaa vya ndani ya matairi, vile wanavyovichuna na kuvitupa. Akavipanga tabaka juu ya tabaka, katikati akagandisha kwa utomvu wa mnyaa uliochemshwa na lami. Ikatokea fulana ya kuzuia risasi. Aliivika gunia la mahindi nyuma ya nyumba, akachukua upinde wa baba yake na kupiga mshale. Mshale ulirudi. Kalekye anasema ulirudi mpaka ndani ya podo. Wengine wanasema ulianguka tu chini, lakini hao walikuwa wamefumba macho.

"Baba," Maingi alisema, "huo ni mshale. Kule kuna risasi."

"Basi vaa tuone unavyokaa."

Aliivaa. Alitembea kutoka jikoni hadi getini, akakaa kwenye jiwe apumzike, na hakuweza kuinuka. Vijana wa mtaa wanne walimnyanyua. "Sasa, soja," mmoja alimwambia, "adui akikuona hata hatapiga. Atakuonea huruma."

Wote walicheka, na Nzembi alicheka zaidi ya wote mpaka Maingi alipoivua na kuiacha kitini. Alipanda lori asubuhi ile na shati tu. Nzembi alikaa akiishika ile fulana mapajani kama mtoto aliyelala. Mume wake alimwambia, "Ningekuwa na kitu chepesi zaidi ningempa, Mama Maingi. Sina." Maingi alirudi salama miaka miwili baadaye, tunamshukuru Mungu. Fulana hiyo kuku waliitagia.

Lakini debe lililopikiwa gundi ile lilikuwa limetupwa mtaroni. Mvua zilipita, na madebe mengine yote ya mtaro yakaota ukijani na utelezi. Lile halikuota kitu. Mzee alilitoa, akaligonga, akalinusa, akakumbuka samaki wa mwalimu. Akamwita rafiki yake Owino, aliyekuwa akikwangua meli naye Kilindini na ambaye bado alikuwa huko.

"Owino, kile kinachowafukuza samaki, hakiwezi kuyafukuza magamba?"

"Yatapiga chafya," Owino alisema, "lakini sijui kama yataondoka."

Akaanza kupika. Jikoni pale Kaloleni, mlango umefungwa na dirisha limefungwa, maana aliogopa askari wa baraza la jiji wasisikie harufu. Utomvu uliletwa kutoka hapa, ua huu huu. Lami, rangi nyekundu ya chuma, utomvu, moto mdogo. Nzembi alimwambia afungue dirisha. Alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akaenda kumwita Kalekye aje amwambie. Kalekye alikuja, akakohoa, akasema, "Wewe Kilonzo, unataka kufa kama panya wa ghala?" Akajibu, "Dada, kaa nje." Walikaa nje wote wawili, mke na dada, wakiutazama moshi ukitoka chini ya mlango. Hawakujua la kufanya na mtu mzima.

Mwezi wa pili mwaka 1981 rangi moja ilimridhisha. Aliipaka kwenye bamba la chuma, Owino akaenda nalo Kilindini, na kulining'iniza majini chini ya gati pamoja na bamba jingine lisilopakwa, yakae mwaka mzima. Mzee angeweza kungoja. Hakungoja. Aliendelea kupika, ili kuboresha, na Jumamosi moja ya mwezi wa nane sufuria ilifoka. Utomvu ulimpata macho yote mawili.

Mtu yeyote aliyekulia hapa anajua dawa ya mnyaa: maziwa ya mama. Nzembi alikimbia kwa jirani yao Wacera, aliyekuwa na mtoto mchanga, akamleta mkono kwa mkono. Mzee alilazwa sakafuni, Wacera akakamua kwenye kijiko huku akitazama ukuta kwa aibu. Mtoto alilia kwa kunyimwa haki yake.

"Mnyonyeshe kwanza mwenyewe," mzee alisema kutoka chini. "Mimi nitangoja zamu."

Maziwa yalipoza. Hayakuponya. Hospitalini walikoyaosha macho walisema utomvu ulikuwa umemaliza kazi yake. Kufikia Krismasi marehemu hakuweza kutofautisha dirisha na ukuta.

Machi 1982 Owino alishuka Nairobi kwa gari moshi na mabamba mawili ndani ya gunia. Aliyaweka mezani bila kusema lipi ni lipi. Mzee aliweka mkono juu ya la kwanza, akautoa upesi, lilikuwa kama mgongo wa mamba. Aliweka juu ya la pili. Mkono ulipita. Ulirudi, ukapita tena, laini, kama siku alipolipaka. Alicheka hadi akashika mbavu. Owino akasema, "Na wakubwa wa gatini wameliona. Wanataka debe moja wajaribu kwenye mashua ya kuvuta meli."

"Watapata madebe mawili," mzee alisema. "Mama Maingi, washa jiko."

Hapo ndipo ilipojulikana. Marehemu hakuwahi kupima kitu. Utomvu ulitofautiana, wa kiangazi si wa masika, na moto wa makaa haufanani. Alichojua ni rangi ya sufuria wakati wa kuitoa. Alikuwa akiangalia tu, na ikifika alikuwa akiiona. Macho ndiyo yaliyokuwa kipimo, na macho ndiyo yaliyokwenda.

Basi wakampikia wao. Dirisha sasa lilikuwa wazi, na Nzembi alivaa miwani ya waendesha pikipiki kutoka soko la Gikomba. Mzee alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Imekuwaje sasa?"

"Kahawia," Nzembi alisema.

"Kahawia gani?"

"Kama chai."

"Chai ya nani? Yako au ya Wacera?"

"Zina tofauti gani?"

"Ya Wacera ina maziwa. Yako imesikia tu maziwa yakitajwa."

Siku nyingine alikaa Owino kwenye sufuria. "Kama ng'ombe mwekundu, ndugu yangu." "Aliyenyeshewa au mkavu?" Owino alifikiri sana. "Aliyenyeshewa jana," alisema. Siku nyingine Kalekye: "Kama ini la kuku." "Bichi?" "Limekaangwa." "Na unavyounguza vyakula, dada, hapo tumepotea."

Walicheka, lakini kila walichokitoa na kukipaka kwenye chuma kilibabuka kikitiwa kwenye pipa la maji, au kikaota utelezi kabla ya mvua kwisha. Waliitoa mapema, wakaitoa kwa kuchelewa. Mzee alijaribu kwa pua. Alijaribu kwa sikio, akasema inapofika huwa inanyamaza. Hata alichovya kidole akaungua. Owino alikuja mara kwa mara, kisha mara moja moja. Bandarini waliacha kuuliza. Nyumbani kulikuwa na watu watano wenye macho mazima na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwonea.

Siku moja mwaka 1983 Nzembi alichoka kumwona akingoja pale kigodani na uso umeelekea moto. Akasema, "Baba Maingi, imefika."

Mzee aliinua kichwa. "Imefika?"

"Imefika. Ndiyo yenyewe."

"Katikati kuna nini?"

"Katikati? Rangi tu."

"Ikifika, katikati hutokea duara linalometa, kama jicho la kuku aliyekasirika. Hukaa muda wa kumeza mate, kisha hufumba."

Nzembi aliinama, akatazama katikati ya sufuria.

"Zima moto, Mama Maingi."

"Nitaliangalia kesho. Nimejua sasa, nitaliangalia."

"Zima tu. Moshi usije ukakuchukua nawe."

Mzee hakupika tena. Nzembi alijaribu peke yake mzee alipokuwa amelala mchana, akilitafuta lile jicho la kuku. Anasema aliliona mara moja, lakini alipofika kuitoa sufuria, jicho lilikuwa limefumba.

Kuanzia mwaka 1984 kifua cha marehemu kilianza kukaza. Vumbi la meli, rangi ya mabehewa na moshi wa jikoni vilikuwa vimekutana humo. Alitibiwa mara nyingi, akapata nafuu, akazidiwa tena. Lile bamba laini lilikaa ubavuni mwa kitanda, na alilipapasa kama mtu anavyopapasa mbwa wake. Watoto walipomwuliza ni la nini, aliwaambia ni kipande cha meli isiyozeeka, na kwamba siku moja itakuja kukidai. Alilazwa hospitalini Nairobi tarehe 2 Juni 1986. Siku ya mwisho alimwuliza Nzembi kama nje kuna jua. Nzembi alimwambia lipo. Akauliza, "La rangi gani?" Nzembi alimshika mkono. Marehemu alituacha Jumamosi tarehe 14 Juni 1986, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Nzembi aliomba ua wa mnyaa ukatwe upande huu wa kaburi, usimkaribie tena. Vijana waliukata juzi. Mkitazama mtaona kila kipande kilichoanguka chini bado kinatoa maziwa, na ninyi wa hapa mnajua kitaota. Tumemwambia. Amesema basi, kiote.

Marehemu ameacha mjane, Nzembi, watoto wake Maingi, Ndunge na Kilatya, wajukuu wanane, dada yake Kalekye, na rafiki yake Owino, aliyesafiri usiku kucha kutoka Mombasa kuwa nasi.

Bamba lile litasimikwa kichwani pake badala ya jiwe. Halitashika kutu, hilo tunalijua. Rangi iliyo juu yake ndiyo pekee iliyobaki duniani, na ni hiyo hiyo aliyokuwa akiitafuta pale kigodani. Kwa hiyo mkimaliza kutupa udongo, msiondoke upesi. Piteni mmoja mmoja, mlitazame. Na mwenye kuijua rangi ile, si ya chai, si ya ng'ombe, si ya ini, bali yenyewe, ainame amwambie jina lake. Bado anauliza.

Kilonzo wetu, moto umezimwa, dirisha liko wazi. Lala kwa amani.