Mzee Jilala na Kopo Juu ya Bomba

Shikamooni wakubwa wetu. Ninyi mliotoka Maswa, na ninyi wa Malolo, Kilangali na Mikumi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Haya ndiyo maisha ya baba yetu kama sisi wanawe tunavyoyajua.

Marehemu Yohana Jilala Seni alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938 huko Malampaka, Maswa, mtoto wa tatu wa Mzee Seni na Bibi Yudith. Bibi alisimulia kwamba akiwa mdogo alifumua kufuli la ghala ili aone kinachokaa ndani ya kufuli lenyewe. Akashindwa kulirudishia, ng'ombe wakaingia wakala mtama. Alichapwa. Kesho yake akaomba alifumue tena, maana alishaelewa alipokosea.

Alisoma shule ya misheni tangu 1948 hadi darasa la nne, kisha akachunga. Mwaka 1956 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, kazi ya kupaka mashine grisi, na humo ndimo alimojifunza ufundi. Tarehe 6 Februari 1960 alifunga ndoa na mama yetu, Natalia. Mwaka 1988 walihamia Kilosa na ng'ombe wao, wakajenga karibu na Kilangali.

Jirani na nyumbani palikuwa na shamba la mkonge lililokwisha kufa. Katika ua wake lilisimama katapila la kale, nje, jua lake, mvua yake. Mgunga ulikuwa umeota kati ya cheni zake, na kuku wa mlinzi walitagia chini ya kiti. Mwaka 1996 shamba lilipata mnunuzi, na vyuma vyote vikapangiwa kukatwa vipande. Marehemu akaenda kwa meneja kuliomba.

“Mzee, una ng'ombe wa kulimia. Hili bovu la nini?”

“Nataka kujua limekufa kwa ugonjwa gani.”

Meneja alicheka. “Basi likitoka getini lenyewe kabla ya wakataji kufika mwezi wa kumi, ni lako. Lisipotoka, linakatwa.”

Tangu siku hiyo hakuonekana shambani kwetu. Mama Natalia alilia, kwa kuwa palizi ilikuwa imefika na mumewe anapalilia chuma. Naye Mzee Mudi, jirani yetu Msagara na mtani wake, hakupita bila kumchokoza.

“Msukuma, maiti haifufuki kwa dizeli! Zika tule pilau!”

“Likifufuka nitaanza kulima uani kwako, Msagara!”

Injini ilikuwa imekamata kabisa, haizunguki. Marehemu alikwenda Mikumi kuuliza madereva wa malori, mpaka mmoja akamwambia amimine dizeli na oili ya breki juu ya pistoni, kisha asilazimishe, asubiri. Alichoogopa zaidi ni maji. Bomba la moshi la katapila hutazama juu, na mvua ikiingia humo huozesha injini kutoka ndani. Lakini alipopanda kulichungulia alikuta limefunikwa kopo. Chini ya kopo, bomba lilikuwa kavu. Akakuta buibui tu.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lake. Nani aliweka kopo? Alimuuliza mlinzi, akawauliza waliokata mkonge zamani, hata padri alimuuliza baada ya misa.

“Mimi,” Mzee Mudi alijibu zamu yake ya kuulizwa ilipofika, mbele ya watu.

Watu walicheka, na marehemu akacheka kuliko wote. Mtani hujibu “mimi” kwa kila jambo. Juma hilohilo alikuwa amedai kwamba reli ya Kilosa aliijenga yeye.

Tarehe 28 Septemba 1996 injini ndogo ya kuwashia iliitika, kisha ile kubwa ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Cheni zilikataa, zikalia, zikang'oka kwenye udongo. Binti yake mkubwa, anayesoma haya, alikuwa amewashika wanawe kwa nguvu mpaka wakalalamika. Katapila likaenda. Kufika getini, Mzee Mudi akajilaza njiani kama ilivyo haki ya mtani.

“Halipiti! Nipe beberu kwanza!”

“Mudi, toka! Breki bado sijazitengeneza!”

Mzee Mudi aliruka kama swala. Katapila lilipita, likaenda kusimama lenyewe kwenye mtaro upande wa pili. Upande wa nje.

Kwa katapila hilo marehemu alifungua mashamba mengi ya Kilangali na Malolo, na masika alinasua malori kwenye tope. Lakini kila mgeni alikutana na swali la kopo.

Mwaka 2003 alianza kusumbuliwa na kifua, na Septemba mwaka huu alilazwa Mikumi. Mzee Mudi alikuja kumwona. Hakutania.

“Jilala, lile kopo ni mimi. Lilikuwa la maziwa ya Editha, binti yangu. Nilitoboa pembeni nikafunga waya lisipeperuke.”

Marehemu aliinuka akakaa. Waya ule aliufungua peke yake, na hakuwahi kumsimulia mtu.

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia. Ukacheka.”

“Na kwa nini ulifunika? Halikuwa lako.”

Mzee Mudi alifikiri. “Nilikuwa napita. Mvua ilikuwa inakuja.”

Baba alitabasamu na siku ile alikula. Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Oktoba 2004.

Ameacha mjane, Natalia, watoto Marciana, Laurent na Winnie, wajukuu, na mtani wake. Leo jeneza litavutwa kwa tela nyuma ya katapila. Atakayejilaza njiani asihofu, breki sasa zinashika. Tukirudi, Mzee Mudi ndiye atakayefunika bomba, kwani vuli imekaribia.

Mungu naye amfunike baba yetu. Apumzike kwa amani, mahali pakavu.